Sura ya Saba: Umelinganishwa na Nani?

Kuna maswali mawili yanayoulizwa na wazazi, na siku hizi yanaulizwa pia na watu wazima wanaowauguza wazee wao. Mtoto amekaa na mtaalamu asubuhi moja, amepanga vibao, amerudia tarakimu, ameeleza maana za maneno. Baada ya siku chache mzazi anapewa kurasa nyingi zenye michoro ya rangi na maneno mazito. Nani ameandika haya yote? Na kama ni kompyuta, niyaamini?

Swali la kwanza lina jibu jepesi: mara nyingi sehemu kubwa ya ripoti hiyo imeandikwa na kompyuta, kisha mtaalamu akaongeza yake. Swali la pili ndilo lililonifanya niandike sura hii. Ripoti iliyoandikwa kwa mkono inaweza kupotosha, na iliyotoka kwenye mashine inaweza kuwa sahihi kabisa. Kinachotenganisha ripoti njema na mbaya kwa kiasi kikubwa ni uamuzi uliofanyika kabla mtoto hajaketi kitini, yaani uamuzi kuhusu watu atakaolinganishwa nao. Mashine haiufanyi uamuzi huo. Inaurithi, kisha inaurudia mara elfu bila kuuliza.

Alama inavyofika kwenye karatasi

Vipimo tunavyovizungumzia huitwa vipimo vya utambuzi. Hupima kazi za ubongo: kukumbuka, kuzingatia, kufikiri, kutumia lugha, kutambua maumbo. Kipimo cha kwanza cha aina hii kilichotumika sana kilitoka Paris mwaka 1905, pale Alfred Binet na Théodore Simon walipotafuta njia ya kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi darasani. Mwaka 1939 David Wechsler wa New York akatoa kipimo cha watu wazima, na mwaka 1949 akatoa cha watoto. Vipimo vinavyobeba jina lake bado vinatumika katika nchi nyingi.

Tuseme mtoto amerudia kwa usahihi mafungu 14 ya tarakimu. Hiyo 14 inaitwa alama ghafi, na peke yake haisemi lolote. Mama yeyote aliyewahi kushika kadi ya kliniki analijua hili: kilo tisa ni habari njema au mbaya kutegemea mtoto ana miezi mingapi, na nukta imeangukia wapi kwenye ile mistari. Mistari ilichorwa baada ya kupimwa watoto wengine wengi. Vipimo vya utambuzi navyo vina mistari yake, ila imepangwa kwa tarakimu ndani ya majedwali. Kila moja nitaliita jedwali la ulinganisho, na watu waliopimwa ili lipatikane nitawaita kundi la ulinganisho. Alama inayopatikana baada ya kupita kwenye jedwali huitwa alama sanifu. Katika vipimo vya Wechsler wastani umewekwa kuwa 100, na takriban watu wawili katika kila watatu huwa kati ya 85 na 115.

Programu ya kuandika ripoti hufanya kazi nne:

- inapokea alama ghafi, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kipimo;
- inatafuta alama sanifu kwenye jedwali la ulinganisho;
- inachagua sentensi kwa kufuata kanuni, kwa mfano, "ikiwa alama iko chini ya 70, andika hivi; ikiwa kati ya 70 na 79, andika vile";
- inapachika tarakimu, sentensi na michoro kwenye kiolezo, yaani ripoti tupu iliyoachiwa nafasi za kujazwa.

Wazo hili lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, hospitali ya Mayo Clinic huko Minnesota, Marekani, ilikuwa na kompyuta iliyochapa maelezo ya kipimo cha haiba kwa wagonjwa wake. Leo kazi hiyo haihitaji chumba kizima cha mitambo. Lugha ya programu iitwayo R, ambayo haiuzwi, inamwezesha mtafiti kuandika maneno ya ripoti na hesabu zake ndani ya faili moja. Data ikibadilika, ripoti nzima inajiandika upya. Mtafiti mwenye watoto mia tano waliopimwa anaweza kutoa ripoti mia tano kabla ya chakula cha mchana.

Na mashine ina ubora wake wa kweli. Mtu aliyechoka husoma mstari wa juu au wa chini wa jedwali. Hujumlisha vibaya. Hunakili ripoti ya jana na kusahau kubadilisha jina, hata ripoti ya msichana ikamtaja "kaka yake" kumbe hana kaka. Kompyuta haifanyi makosa hayo. Kwa mtaalamu mmoja anayehudumia wilaya nzima, saa anazookoa kwenye kujumlisha ni saa za kukaa na familia na kueleza matokeo kwa lugha wanayoielewa. Kwa sababu hiyo naiunga mkono kazi hii bila kusita.

Tarehe, nafasi tupu na 999

Makosa ya mashine ni ya aina nyingine. Yanaingia kimyakimya, na yakishaingia yanamkumba kila mtu.

Anza na tarehe. Sisi tukiandika 4/7/2016 tunamaanisha tarehe nne Julai. Programu iliyotengenezwa Marekani, kama haikurekebishwa, itasoma tarehe saba Aprili. Mtoto amezeeshwa kwa karibu miezi mitatu. Ni kitu kidogo? Majedwali ya kipimo cha Wechsler cha watoto yamegawanywa kwa vipindi vya miezi minne minne, kwa hiyo miezi mitatu inaweza kumsukuma mtoto kwenye jedwali la wakubwa wake. Hapo majibu yaleyale yanampa alama ya chini. Wale waliozaliwa tarehe 13 au zaidi wanasalimika, maana hakuna mwezi wa 13 na programu italalamika. Wengine hawana wa kuwatetea.

Kisha kuna nafasi tupu. Kipimo kimoja kinachotumika sana kwa wazee ni MoCA, kilichochapishwa mwaka 2005 na Ziad Nasreddine na wenzake nchini Kanada. Alama zake zote ni 30, na 26 kwenda juu zilihesabiwa kuwa za kawaida. Mtu mwenye miaka 12 ya elimu au pungufu huongezewa alama moja. Sasa muuguzi amesahau kujaza miaka ya elimu. Programu ifanye nini? Kama mtengenezaji hakufikiria, nafasi tupu inaweza kusomwa kuwa sifuri, na mwalimu mstaafu mwenye shahada akapewa nyongeza isiyo yake. Kumbuka alama 25 na 26 ziko pande mbili za mpaka.

Na kuna 999. Katika utafiti ni desturi kuandika 999 pale jibu linapokosekana, kwa sababu hakuna anayeweza kupata alama hiyo. Watu wanaelewa. Kompyuta isiyoambiwa inajumlisha tu. Ikitokea mtoto mmoja ameonekana na kipaji kisicho cha kibinadamu, kosa linagundulika. Balaa ni pale 999 inapoingizwa kwenye wastani wa shule nzima, ikaupandisha kidogo tu, na hakuna aliyeshtuka.

Dawa ya haya matatu inajulikana, na haina gharama: tarehe iandikwe kwa mwezi wenye jina, programu igome kutoa ripoti pale taarifa muhimu inapokosekana, na kila alama ikaguliwe kama iko ndani ya mipaka ya kipimo chenyewe.

Safu moja kwenye jedwali

Sasa tuingie kwenye jambo zito. Mfano ninaoutumia ni wa Marekani, na uko kwenye kumbukumbu za mahakama.

Wachezaji wa zamani wa mpira wa miguu wa Kimarekani, mchezo wa kugongana vichwa na miili, waliishtaki ligi yao, NFL, wakidai kwamba majeraha ya kichwa yamewaharibu ubongo. Makubaliano yalifikiwa mwaka 2013, mahakama ikayaidhinisha mwaka 2015. Mchezaji mstaafu angepimwa kumbukumbu, umakini, lugha na uwezo wa kupanga mambo, na kama alama zingeonyesha ameporomoka kufikia kiwango cha dimenshia, angelipwa. Dimenshia ni hali ya ubongo kudhoofika hadi mtu ashindwe kuendesha maisha yake ya kila siku.

Hakuna aliyempima mchezaji huyo alipokuwa kijana wa miaka ishirini. Ili kujua ameporomoka, ilibidi kukisia alianzia wapi, na makisio hayo yalitoka kwenye jedwali la ulinganisho. Jedwali lilirekebisha alama kwa umri, kwa jinsia, kwa miaka ya elimu, na pia kwa rangi ya mtu.

Matokeo yake tuyafuatilie taratibu. Watu weusi katika kundi la ulinganisho walikuwa wamepata wastani wa chini, na hilo lina historia ndefu ya shule duni, umaskini na ubaguzi. Basi jedwali lilichukulia kuwa mchezaji mweusi alianzia chini. Wachezaji wawili, mmoja mweupe na mmoja mweusi, wenye umri mmoja, elimu moja na majibu yaleyale, walitoka na alama sanifu tofauti. Ya mweusi ilipanda. Alama iliyopanda inasema "huyu yuko sawa," na aliye sawa halipwi.

Waliotengeneza majedwali hayo miaka ya nyuma hawakuwa na nia ya kumnyima mtu fidia. Walitaka kuzuia kosa la upande wa pili: mtu mweusi mzima kuambiwa ana ugonjwa wa ubongo kwa sababu tu amelinganishwa na wazungu waliosoma shule nzuri. Hapo ndipo naomba msomaji atulie kidogo. Jedwali lilelile lililomlinda mtu hospitalini lilimwumiza kwenye dawati la malipo, kwa kuwa swali lilikuwa limebadilika na jedwali halikubadilika nalo.

Agosti 2020 wachezaji wawili wastaafu, Kevin Henry na Najeh Davenport, wakafungua kesi. Kwa mujibu wa kesi hiyo, Davenport alishakubaliwa kulipwa, kisha ligi ikakata rufaa ikitaka alama zake zikokotolewe upya kwa kuzingatia rangi. Juni 2021 ligi ikatangaza kuachana na utaratibu huo, na Machi 2022 jaji akaidhinisha mabadiliko. Vipimo vikakokotolewa upya, na baadhi ya waliokuwa wamekataliwa wakaonekana wanastahili.

Katika mlolongo wote huo hakukuwa na haja ya daktari kuandika kwa mkono wake, "Huyu ni mweusi, apandishiwe alama." Ilitosha safu moja ndani ya jedwali. Aliyejaza fomu alichagua neno moja, programu ikafanya mengine, ripoti ikatoka safi na imepangika.

*Kwa ufupi: alama sanifu ni jibu la swali "ukilinganishwa na nani?" Ripoti isiyomtaja huyo "nani" imeficha nusu ya jibu.*

Njiti za kiberiti wilayani Hai

Kwetu tatizo linakuja kwa sura nyingine. Majedwali mengi tunayotumia yametengenezwa kwa watu wasio sisi. Rudi kwenye ile nyongeza ya MoCA. Bibi ambaye hakuwahi kuingia darasani anapewa alama moja, ileile anayopewa mtu aliyemaliza kidato cha nne. Na kipimo chenyewe kinamtaka ashike kalamu, achore mchemraba, achore saa yenye mishale. Akishindwa, tumepima kumbukumbu yake au tumepima utoto wake uliokosa shule? Watengenezaji wenyewe waliliona hili, na baadaye wakatoa aina ya pili, MoCA-Basic, kwa watu wenye elimu ndogo.

Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na wenzao wa Uingereza walianzia upande wa wazee wenyewe. Walitaka kujua ni wangapi wenye miaka 70 na zaidi wana dimenshia, na makadirio yao yalikuwa takriban 6 katika kila 100. Kutokana na kazi hiyo kukazaliwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kilichochapishwa mwaka 2014. Mzee anataja wanyama wengi kadiri awezavyo ndani ya dakika moja. Anakumbuka orodha ya maneno kumi. Badala ya kuchora, anapewa njiti za kiberiti apange umbo alilooneshwa. Alama zote ni 15, na mwenye 7 au chini anahesabiwa kuwa huenda ana dimenshia. Hakihitaji kusoma wala kuandika, na mhudumu wa afya asiye daktari anaweza kufundishwa kukitumia.

Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti wamefanya kazi ya namna hiyo kwa watoto, wakatengeneza na kurekebisha vipimo kwa Kiswahili na Kigiriama. Kazi hizi ni za polepole na hazina mvuto wa kuonyeshwa kwenye hafla. Ni kwenda kijiji hadi kijiji, kukadiria umri wa mzee asiye na cheti cha kuzaliwa kwa kumuuliza alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa Uhuru, kujaribu swali, kulitupa, kujaribu lingine. Nawaheshimu sana wanaoifanya. Wafadhili na wizara wanapenda kugharimia programu, kwa kuwa programu inaonekana kwenye simu. Ningewaomba wagharimie kwanza majedwali, kwa sababu programu bora kabisa yenye jedwali la watu wengine itatoa ripoti zenye kosa kwa kasi zaidi tu.

Na mpaka majedwali yetu yakamilike, kiolezo cha kila ripoti kibebe sentensi hii kwenye ukurasa wa kwanza: "Alama hizi zimepatikana kwa kulinganishwa na watoto wa Marekani." Au wa Uingereza, au wa Kilifi, kama ilivyo kweli.

Sabini na moja

Hakuna kipimo kinachotoa alama kamili. Mtu yuleyule akipimwa leo na wiki ijayo atapishana na nafsi yake kwa alama kadhaa: alilala vibaya, alibahatisha, aliyazoea maswali. Kwa hiyo kila alama ina nafasi ya kupanda na kushuka, na ripoti inapaswa kuionyesha.

Umuhimu wa nafasi hiyo ulionekana katika kesi ya Freddie Lee Hall, aliyehukumiwa kifo katika jimbo la Florida, Marekani. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imekataza kutekeleza adhabu ya kifo kwa mtu mwenye ulemavu wa akili. Florida iliweka mpaka: alama 70. Aliyezidi hapo hakuruhusiwa hata kuleta ushahidi mwingine wa shuleni au wa maisha yake. Alama za chini kabisa za Hall zilizokubaliwa mahakamani zilikuwa 71. Mwaka 2014 majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, watano dhidi ya wanne, walisema mpaka mkavu wa namna hiyo unavunja katiba, kwa sababu 71, ukizingatia makosa ya kipimo, inamaanisha mtu yuko mahali fulani kati ya 66 na 76. Mwaka 2016 mahakama ya juu ya Florida ikaifanya hukumu yake kuwa kifungo cha maisha.

Kwa programu, kuionyesha nafasi hiyo ni kazi ya mistari michache. Kinachozuia ni hofu kwamba msomaji atachanganyikiwa akiona "66 hadi 76" badala ya tarakimu moja. Sidhani kama atachanganyikiwa. Wakulima huelezwa mvua kwa makadirio kila msimu, nao hupanga shamba.

Sentensi zinazomfaa kila mtu

Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo cha haiba, kisha akampa kila mmoja maelezo yake binafsi. Wanafunzi waliyapa maelezo hayo wastani wa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale, aliyoyakusanya kwenye kitabu cha unajimu.

Violezo vya ripoti navyo vina ugonjwa huu wa maneno yanayomfaa kila mtu. "Ana uwezo katika baadhi ya maeneo na anahitaji msaada katika mengine" ni sentensi ya kila mtoto aliyezaliwa. Mzazi anatikisa kichwa na kuondoka mikono mitupu. Ninachowashauri wataalamu ni kuchukua ripoti za watoto wawili, kufunika majina, na kuwapa walimu wao wazitambue. Zikishindikana kutambulika, violezo viandikwe upya.

Programu mpya za akili mnemba, zile zinazotunga maandishi zenyewe, hazina sentensi za kuchagua, kwa hiyo zinaandika kwa ufasaha zaidi. Zinaweza pia kuongeza jambo ambalo halikutokea, kwa mfano kwamba mtoto "alionekana mwenye wasiwasi mwanzoni," wakati hakuna aliyeandika hivyo. Kwenye ripoti itakayomfuata mtoto shuleni kwa miaka, sentensi kama hiyo haiwezi kuvumiliwa. Zitumike kurahisisha lugha ya yaliyokwisha kuthibitishwa, na kila sentensi iweze kuonyeshwa imetoka kwenye alama ipi au kwenye maelezo ya nani.

Ukipewa ripoti

Uliza, kwa heshima na bila woga:

- Alama hizi zimelinganishwa na watu wa wapi, na walipimwa mwaka gani?
- Tarehe ya kuzaliwa na miaka ya elimu iliyotumika ni sahihi?
- Alama hii inaweza kupanda au kushuka kwa kiasi gani?
- Ni nani aliyekaa na mtoto au mzee wangu, na ameandika nini alichokiona kwa macho yake?

Sheria iko upande wako. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na ya Tanzania ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, zinampa mtu haki ya kuziona taarifa zake, ya kudai zirekebishwe zikiwa na kosa, na haki kuhusu maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake.

Na omba kitu kimoja zaidi, ambacho wengi hawakiombi: alama ghafi zihifadhiwe kwenye faili pamoja na ripoti. Matokeo ya wale wachezaji wa Marekani yaliweza kukokotolewa upya kwa sababu alama zao ghafi zilikuwepo. Mtoto aliyepimwa mwaka huu Mbeya au Kisumu kwa jedwali la ugenini anaweza kupata ripoti sahihi zaidi siku jedwali la kwao litakapokamilika, bila kuketi tena kwenye kile kiti, mradi tu ile 14 yake haikutupwa.